Viwanja vya gofu vya zamani havikujiotea tu

Watu wengi wanaamini viwanja vya zamani ni asili tupu na vya kisasa ni kazi ya tingatinga, hiyo si kweli jamani. Hata Old Course ya St Andrews, uwanja wa kale kule Scotland, grini (eneo la nyasi fupi lenye kishimo cha mpira) ya shimo la 18 ilijengwa na mtunza uwanja Old Tom Morris, haikuota yenyewe. Halafu kulikuwa na uwanja wa Lido, New York, mbunifu wake C. B. Macdonald alifukia kinamasi kwa mchanga uliopampiwa kutoka majini, mwingi ajabu, uwanja ukafunguliwa 1917! Sasa linganisha na Sand Hills kule Nebraska, ya wabunifu Coore na Crenshaw, 1995, ni ya kisasa kabisa ila udongo hawakuugusa sana, matuta mazuri yalikuwepo tayari, wakayafuata.