Uzito wa yogati na bakteria wapenda joto

Chota yogati kwa kijiko, kisha uinue taratibu. Ikivutika na kuacha uzi mwembamba kabla ya kukatika, ujue ina polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo bakteria huitengeneza na kuitoa nje ya seli zao. Minyororo hiyo hushika maji, hujipenyeza kwenye wavu wa protini ya maziwa, na kuifanya yogati iwe laini na nzito bila kutengana.

Watengenezaji wadogo wanaolalamika kwamba yogati yao ni nyepesi na inatoa maji juu, mara nyingi hukimbilia wanga wa mahindi au jelatini. Si kosa, lakini bakteria wangeweza kuifanya kazi hiyo wenyewe iwapo tungewatunza vizuri.

Bakteria tunayemzungumzia ni Streptococcus thermophilus, aliyepewa jina hilo mwaka 1919 na Mdenmark Orla-Jensen. Hustawi kwenye nyuzi joto 40 hadi 45, joto ambalo bakteria wa maziwa yanayoganda yenyewe mezani hawalipendi. Hufanya kazi na mwenzake, Lactobacillus bulgaricus, anayevunja protini na kumpatia amino asidi. Thermophilus naye humrudishia Bulgaricus asidi ya fomiki na kaboni dioksidi.

Thermophilus akipata laktosi, yaani sukari ya maziwa, huigawa kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi. Glukosi nyingi huishia kuwa asidi ya laktiki, na galaktosi nyingi hutupwa nje. Ni sehemu ndogo tu ya sukari inayojenga polisakaridi, kwa kawaida makumi hadi mamia machache ya miligramu kwa lita. Kwa kuwa kiasi chenyewe ni kidogo hivyo, mabadiliko madogo ya mazingira huonekana haraka kwenye kikombe.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Watafiti wa Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, waliichunguza kwa kina aina moja ya Thermophilus iitwayo LY03 na kuona kwamba huzalisha polisakaridi kadiri inavyokua: hali inayofaa ukuaji ndiyo inayofaa uzalishaji. Jamaa zake wa baridi, kama wale wa maziwa ya kuvutika ya Finland yanayogandishwa kwenye nyuzi joto 20 hivi, mara nyingi huzalisha zaidi wakikua polepole. Hata miongoni mwa wapenda joto zipo aina zinazotoa yogati ya kuvutika zaidi kwenye nyuzi joto 37 au 38, ingawa huchelewa kuganda. Kwa hiyo ukibadilisha mbegu, yaani bakteria unaowatia kwenye maziwa kuanzisha yogati, jaribu upya joto lako. Usibebe kipimo cha mbegu ya zamani. Sufuria iliyofungwa blanketi hupoa polepole usiku kucha, na yogati ya Jumatatu haitafanana na ya Jumanne. Kipimajoto kinafaa kuliko kidole.

Chakula nacho kina lake. Sukari ndani ya maziwa ni nyingi. Kinachopungua mapema ni amino asidi na vipande vidogo vya protini. Kwa LY03, aina ya chakula chenye naitrojeni, yaani protini na vipande vyake, ilibadilisha kiasi cha polisakaridi na hata urefu wa minyororo yake. Ukiongeza unga wa maziwa kidogo unawalisha bakteria, na protini yake huongeza uzito moja kwa moja.

Kisha kuna asidi. Maabara huweza kuishikilia pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi inapozidi) karibu na 6 kwa kuongeza alkali, na bakteria wakaendelea kuzalisha. Jikoni hatuwezi kufanya hivyo wala hatutaki, kwa sababu kaseini, protini kuu ya maziwa, huganda pH inaposhuka kufikia 4.6. Tunachoweza ni kusimamisha kwa wakati: ikishaganda, iingie kwenye friji. Ukiiacha kwenye joto inazidi kuwa chachu na maji hujitenga. Huko maabara, uchachushaji ukirefushwa mno, vimeng'enya vinaweza hata kukata minyororo iliyokwisha kujengwa.

Mwisho ni mbegu yenyewe. Kutumia yogati ya jana kuanzisha ya leo, mara kwa mara, kunaweza kuwapa nafasi bakteria waliopoteza uwezo wa kutengeneza polisakaridi. Maziwa yataganda vilevile, lakini yatakuwa mepesi. Anza na mbegu mpya kila baada ya mizunguko michache, na unaponunua muulize muuzaji kama aina hiyo huzalisha polisakaridi kwa wingi, kidogo, au haizalishi kabisa.