Macho ya manjano kando ya mto: maswali kuhusu homa ya ini aina ya E

Jirani yangu macho yamekuwa ya manjano. Si ndiyo homa ya manjano?

Majina yanachanganya, lakini ni magonjwa mawili tofauti. Homa ya manjano huletwa na mbu. Homa ya ini aina ya E hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, ikaingia majini, ikamfikia anayekunywa. Macho kuwa ya manjano kunaonyesha ini limeelemewa. Mkojo nao huwa mweusi kama chai ya rangi, chakula hakipandi, mwili unachoka. Ile kadi ya wasafiri ya chanjo ya homa ya manjano haikukingi na homa ya ini aina ya E.

Mto huu tumekunywa tangu enzi za mababu. Mbona sasa?

Mto hubadilika. Mwishoni mwa 1955 huko Delhi, India, mto Yamuna ulifurika, na majitaka ya mfereji wa Najafgarh yakapanda juu hadi mahali mji ulipokuwa ukivuta maji yake. Mafundi waliongeza klorini. Bakteria walidhibitiwa, virusi vikapita. Watu wapatao 29,000 waliugua. Na ule ulikuwa mji wenye mtambo wa kusafisha maji, sembuse sisi wa ndoo na kata!

Kwa hiyo tukiacha maji ya mto tumepona?

Si lazima. Mlipuko ulioanza Oktoba 2007 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katikati ya kambi za waliokimbia vita, uliwapata watu zaidi ya 10,000. Watafiti walipochunguza, hawakuishia kwenye maji ya vijito. Walikuta pia vyombo vya mdomo mpana vya kuwekea maji ya kunywa, na beseni la kunawia pamoja.

Hilo beseni ndilo linalonisumbua. Uko msibani, chakula kimeshapakuliwa, beseni linapitishwa. Wa kwanza anatumbukiza mikono, wa pili vivyo hivyo, na wa kumi ananawa uchafu wa wenzake tisa, kisha anamega ugali. Bibi zetu waliotembea na birika wakimmiminia kila mgeni walikuwa sahihi kuliko sisi. Ongeza sabuni tu.

Na mtungi? Mtoto akizamisha kikombe, vidole vinazama nacho. Tumia jerikeni la mdomo mwembamba, au ndoo yenye mfuniko na koki.

Maji yetu yamepimwa juzi, ni safi. Mbona wagonjwa wanaongezeka?

Kwa sababu virusi hukaa mwilini wiki 2 hadi 10 kabla ya dalili. Anayeugua leo huenda alikunywa maji mabaya mwezi uliopita. Tena mgonjwa huendelea kutoa virusi chooni kwa wiki tatu au nne baada ya kuanza kuugua.

Mke wangu ni mjamzito. Niogope?

Ndiyo. Wengi hupona wenyewe, lakini katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito ugonjwa huu unaweza kuua hadi mama 20 au 25 katika kila 100. Akionyesha dalili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa yake ni ipi?

Hakuna dawa maalumu kwa mgonjwa wa kawaida: apumzike, anywe maji salama, aache pombe. Panadol na mitishamba asijipe mwenyewe. Ini lililochoka halihitaji mzigo mwingine. Chanjo ipo, ilisajiliwa China mwaka 2011, na mwaka 2022 ilitumika Bentiu, Sudan Kusini, kwa mara ya kwanza kukabili mlipuko. Madukani kwetu usiitafute.

Choo tukichimbe wapi?

Angalau mita 30 kutoka kisimani au mtoni, mahali mafuriko hayafiki.

Mvua ikinyesha mto unakuwa tope. Nitie klorini?

Usitie moja kwa moja, klorini itaishia kwenye tope. Acha maji yatuame usiku kucha, yamimine taratibu ukiyachuja kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa na kusubiri nusu saa. Kuni zikiwepo, chemsha hadi yatokote kabisa. Na yakipoa, usiyarudishe kwenye ndoo ile ile uliyotekea mtoni.