"Ye" ya Waingereza haikuwahi kuwa "yi"

Kwenye vibao vya baa kongwe za Uingereza utakuta "Ye Olde", na wengi huamini Waingereza wa kale walitamka "yi". Hapana, ni "the" ile ile. Zamani Kiingereza kilikuwa na herufi þ, iitwayo thorn, iliyobeba sauti mbili tunazozijua vizuri: th ya thamani na dh ya dhahabu. Katika mwandiko wa mkono, tumbo lake lilizidi kufunguka kwa juu hadi ikafanana na y. William Caxton alipoleta uchapaji Westminster mwaka 1476, herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilizotoka ng'ambo hazikuwa na þ. Wachapaji wakaweka y, na e ndogo juu yake. Msomaji akatamka "the" bila shida. Watu wa Iceland wanaiandika þ mpaka leo.