Nyamapori Huanza Kudhuru Kabla ya Kufika Jikoni

Wataalamu wa afya ya wanyamapori huulizwa mara kwa mara kama nyama ya mnyama asiyezoeleka mezani, awe kiboko, nungunungu, ndezi, nyani au popo, inalika bila madhara. Anayeuliza hivyo hutaka kujua jina la mnyama aliye salama na la mnyama wa kuogopwa, na sisi hulazimika kumrudisha nyuma kidogo. Yapo mambo matatu yanayotangulia jina la mnyama: alikufaje, nani alimchuna na kumpasua, na nani aliikagua nyama yake kabla haijauzwa. Nyama ya swala, ambayo wengi huiona kuwa safi kuliko zote, inaweza kuua familia nzima ikiwa swala huyo aliokotwa akiwa mzoga.

Mfano ulio wazi zaidi katika ukanda wetu ulitokea mwaka 2011 katika wilaya ya Chama, mashariki mwa Zambia, kwenye bonde la mto Luangwa. Viboko 85 walikufa katika muda mfupi, na wakazi wa vijiji vya jirani, ambao walikuwa na upungufu wa chakula, waliikata mizoga hiyo, wakagawana nyama na kuila. Kilichokuwa kimewaua viboko hao kilikuwa kimeta. Ziliripotiwa kesi 511 za ugonjwa huo kwa binadamu, na watu 5 walifariki dunia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kuila, kuibeba na kuiandaa nyama ya kiboko kulihusiana na kuugua. Jambo linalotuhuzunisha zaidi sisi tunaotoa elimu ni kwamba karibu robo ya wakazi waliohojiwa walieleza kuwa wangeila tena nyama hiyo njaa ikirudi, licha ya hatari yake. Kwa sababu hiyo sipendi kusikia watu hao wakiitwa wajinga. Mwenye njaa hupima hatari mbili kwa wakati mmoja, na elimu isiyotambua hilo haitamfikia.

Kimeta husababishwa na bakteria ambaye, akikutana na hewa nje ya mwili wa mnyama, hujifungia ndani ya ganda gumu linaloitwa spora. Spora hizo hukaa ardhini kwa miongo mingi bila kufa, zikisubiri mnyama anayelisha majani karibu na udongo. Wakati wa kiangazi majani huwa mafupi, maji hupungua na viboko hubanana katika mabwawa machache, na hapo ndipo ugonjwa huo hulipuka. Wanyama wengine wala majani hawasalimiki, na mwaka 2016 wilaya ya Monduli katika mkoa wa Arusha ilipata mlipuko uliowaua wanyamapori na mifugo katika eneo moja. Mzoga ambao haujafunguliwa huozea ndani, na bakteria wengi hufa humo humo kwa kukosa hewa. Kisu kinapopita tumboni, damu humwagika, hewa huingia na spora hutengenezwa kwa wingi. Hivyo anayeupasua mzoga huo hujiambukiza mwenyewe na pia huuchafua udongo ambao ng'ombe wa jirani yake watakuja kulisha miaka mingi baadaye.

Dalili za mnyama aliyekufa kwa kimeta zinajulikana na kila mfugaji anapaswa kuzikariri: hufa ghafla bila kuonekana kuumwa, tumbo huvimba upesi, mwili haukakamai kama mizoga mingine, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa. Hata hivyo, kutoziona dalili hizo si ruhusa ya kuchinja. Spora za kimeta huvumilia kuchemshwa kwa muda mfupi, na kuanika nyama juani au kuibanika kwa moshi hakuziui. Waislamu wamekatazwa nyamafu tangu zamani, na makabila mengi ya bara yana miiko inayofanana na hiyo. Kwa upande wa afya, sina la kuongeza juu ya katazo hilo isipokuwa kuliunga mkono.

Wengi huamini kwamba moto wa jikoni humaliza kila kitu. Kwa virusi vingi hilo ni kweli, lakini mtu huwa ameshaambukizwa kabla moto haujawashwa. Mwanzoni mwa mwaka 1996, katika kijiji cha Mayibout nchini Gabon, sokwe alikutwa amekufa msituni, akachunwa na kuliwa. Waliougua Ebola kwanza walikuwa wale walioshiriki kumpasua, kisha ndugu zao waliowauguza, na watu 21 walikufa. Damu na majimaji ya mwili huingia kupitia mchubuko mdogo wa kidole ambao mchunaji hata haukumbuki. Ushahidi wa kijenetiki unaonyesha kwamba aina kuu ya virusi vya UKIMWI ilitokana na virusi vya sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, na maelezo yanayokubalika zaidi miongoni mwa wanasayansi ni kwamba vilimpata binadamu mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia damu ya mnyama aliyewindwa. Sokwe, nyani, tumbili na jamaa zao wanafanana nasi mno kimaumbile, na virusi vyao hupata urahisi wa kuhamia kwetu. Popo nao wasishikwe kabisa, hasa popo wala matunda wanaoishi mapangoni, ambao hubeba virusi vya Marburg. Katika kundi hili sitoi ushauri wa namna ya kuchuna kwa usalama, kwa kuwa sipendi mtu yeyote ajaribu.

Nguruwe pori na ngiri wana hatari ya aina nyingine. Minyoo midogo ya trikinela hujificha ndani ya misuli yao, haionekani kwa macho, na humshika mtu anayekula nyama isiyoiva. Mwaka 1961 madaktari nchini Kenya waliandika kuhusu vijana walioambukizwa hivyo baada ya kula nyama ya nguruwe pori, na huo ulikuwa mlipuko wa kwanza kuandikwa kusini mwa Sahara. Mgonjwa huanza na tumbo kuharisha, kisha uso huvimba hasa kuzunguka macho, misuli huuma na homa hupanda. Dawa yake jikoni ni kuiva kwelikweli hadi katikati ya pande la nyama, kiasi cha nyuzi joto 71 za Selsiasi, jambo ambalo mishikaki mikubwa ya haraka haraka haifikii. Chumvi, moshi na jua si vya kutegemewa. Aidha, mabaki ya nyama ya ngiri yasitupwe kwenye banda la nguruwe wa kufugwa, kwani homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haimdhuru binadamu, huangamiza mabanda ya kijiji kizima.

Panya wa shambani huliwa katika baadhi ya maeneo ya kusini mwa Tanzania na katika nchi jirani ya Malawi, na ni kitoweo chenye heshima yake. Hatari kubwa ya panya ni viroboto wanaoweza kubeba tauni, ugonjwa ulioitesa wilaya ya Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980. Kiroboto humhama panya mara tu mwili wake unapopoa na kumtafuta mwenye damu ya moto, ambaye huwa ni mtoto aliyembeba. Panya aliyekutwa amekufa nyumbani au shambani asiguswe, na panya wakianza kufa wengi kwa pamoja, kituo cha afya kijulishwe siku hiyo hiyo.

Njia ya kuwinda nayo huacha alama katika nyama. Mnyama aliyenaswa kwa kitanzi cha waya huweza kukaa hapo hadi kesho yake, akiwa amekufa na matumbo yameanza kuoza, na mteja wa mjini hana njia ya kulijua hilo akiletewa vipande vilivyokaushwa. Risasi za gobore zenye madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, ambavyo husambaa mbali na jeraha na kudhuru ubongo wa watoto, na ndimu au siki huyeyusha madini hayo zaidi. Wapo pia wanaotumia viuatilifu vya kilimo kutegea ndege, kama ilivyowahi kutokea katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, na sumu ya namna hiyo haiondoki kwa kupika.

Kwa wakazi wa Tanzania, ipo njia halali ya kupata nyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda au kumiliki nyamapori bila kibali, na kanuni za mwaka 2020 zinaruhusu mabucha yaliyosajiliwa kuiuza. Mnunuzi adai risiti na aitunze, kwa sababu asiye na uthibitisho wa alikoipata nyama anaweza kushtakiwa kwa kukutwa na nyara za serikali. Kwa majirani zetu wa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, hivyo anayevuka mpaka na nyama asidhani kwamba risiti yake itamlinda huko.

Ukikuta mzoga wa mnyamapori, usiuguse, usiuburute na usiruhusu mbwa wausogelee. Mjulishe mtendaji wa kijiji, afisa mifugo wa kata au askari wa wanyamapori, ambao watasimamia kuuchoma au kuufukia kwenye shimo refu pamoja na chokaa. Na kama umekwisha kuila au kuichuna nyama usiyoijua asili yake, kisha ukapata homa, kuharisha damu au kidonda kisichouma chenye kovu jeusi katikati, nenda hospitali mapema na umweleze mganga ukweli wote, ukimtajia mnyama na siku uliyomshika. Kimeta hutibika kwa viuavijasumu vya kawaida kikiwahiwa, na mganga anayekuhudumia anahitaji habari hiyo ili ajue dawa ya kukupa.