Dawa ya glisirini ya kuweka nyuma, usiongeze ya pili haraka
Wengi wanaamini hii dawa ya choo kigumu haina shida kwa vile haimezwi, basi wakiona kimya dakika tano wanaongeza nyingine. Kawaida inachukua dakika 15 hadi saa 1, inavuta maji kwenye utumbo na kulainisha choo, kwa hiyo toa ile karatasi yake, lala ubavu, kunja goti la juu, ingiza taratibu kwenye njia ya haja kubwa halafu tulia, usikimbilie chooni. Ni moja tu kwa siku na isizidi wiki bila daktari. Soma mwenyewe kile kikaratasi cha ndani ya boksi au muulize mfamasia. Ila ukiona damu, unatapika au tumbo linauma sana, usiweke kabisa, nenda hospitali.