Admini mpya, jitambulishe kabla tapeli hajalitumia jina lako

Vikundi vinapobadilisha viongozi, viwe vya kuzikana, vya kuweka na kukopa au vya wazazi wa darasa, daftari na funguo za kasha hukabidhiwa mbele ya watu na wajumbe wakasaini. Kundi la WhatsApp hukabidhiwa kimyakimya. Admini wa zamani anabonyeza jina la mwenzake, basi. Kesho yake wajumbe wanaona namba ngeni inafuta ujumbe wao.

Sisi maafisa maendeleo ya jamii tunakutana na matokeo yake. Kikundi kimoja cha kuzikana nilichokuwa nakilea kilichagua viongozi Jumamosi. Jumatatu wajumbe wakaanza kupata ujumbe inboksi, mmoja mmoja, wenye picha ya admini mpya: "Mimi ndiye admini wenu sasa. Laini ya mweka hazina ina shida, rambirambi tumeni kwenye namba hii." Akina mama wanne walituma. Msiwaite wazembe. Walichojua ni kwamba kuna admini mpya. Sauti yake hawakuwahi kuisikia, wala namba yake hawakutajiwa.

Ndiyo maana nasisitiza utambulisho uanze na anayeondoka. Arekodi sauti kwenye kundi, amtaje mrithi wake kwa jina na kwa namba. Maandishi na picha tapeli huviiga kwa dakika moja. Sauti ya mtu mliyezikana naye miaka kumi ni kazi ngumu zaidi. Kisha admini mpya naye ajibu kwa sauti, kwa maneno yake, mathalani:

"Hamjambo ndugu zangu. Ni mimi Mama Neema wa pale kisimani, namba yangu ni hii ninayorekodia. Fedha zote anapokea mweka hazina, kwa namba iliyoandikwa kwenye maelezo ya kundi. Mimi sitamwomba mtu hela inboksi hata siku moja. Ukiona ujumbe wa namna hiyo, hata kama una picha yangu, nipigie."

Hiyo ahadi ya kutoomba hela inboksi ndiyo kiini cha utambulisho wote. Irudiwe kila kunapotokea msiba, maana hapo ndipo watu hutuma kwa haraka na kwa huzuni. Maelezo ya kundi nayo yafungwe ili yabadilishwe na maadmini pekee. Na kila anayetuma asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri.

Utambulisho pia useme nini kitafutwa. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mjumbe yeyote, na kundi zima huona kuwa admini fulani ndiye aliyefuta. Usipoeleza mapema, mzee wa watu ataona umemvunjia heshima. Mimi naanza na picha za mgonjwa kitandani na vyeti vyake vya hospitali. Tunazirusha kwa nia njema tukiomba michango, lakini hali ya afya ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwombe ridhaa yeye au ndugu zake kwanza. Uvumi wa kifo ambao familia haijauthibitisha nao uondolewe, bila kumfokea aliyeuleta.

Jambo la mwisho ni la admini mwenyewe, na lifanyike siku hiyohiyo: washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp yako, yaani namba ya siri ya ziada unayojiwekea mwenyewe. Na ile namba ya tarakimu sita ya kusajili WhatsApp inayokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akijiita mjumbe mwenzako. Akiipata atazungumza na kundi zima kwa namba yako halisi.

Wajumbe mkipokea SMS ya kitapeli, isambazeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania, kisha mtume namba iliyoileta. Kama hela imeshakwenda, mpigie mtoa huduma wako papo hapo, kabla haijatolewa.