Kwa nini uwanja wa gofu una mashimo 18?

Wapo wanaosimulia kuwa Waskoti walichagua mashimo 18 kwa sababu chupa moja ya wiski hutoa vikombe 18, kimoja kwa kila shimo. Hadithi tamu, lakini si kweli. Jibu liko St Andrews, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti, kwenye uwanja uitwao Old Course.

Uwanja huo haukuanza kwa ramani ya mtaalamu. Ulikuwa ukanda mwembamba wa ardhi ya mchanga kando ya bahari, na wembamba huo ndio uliotengeneza mchezo. Nafasi ya kuzunguka haikuwepo. Wachezaji walitoka mjini wakipiga mpira shimo hadi shimo, wakifika mwisho wanageuka na kurudi njia ile ile, wakilenga mashimo yale yale.

Hadi mwaka 1764, kwenda kulikuwa na mashimo 11 na kurudi 11, jumla 22. Mwaka huo wanachama wa klabu ya hapo waliona manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayaunganisha yakawa mawili. Hapo ndipo hesabu inaponoga: manne hayo hayo yalichezwa pia wakati wa kurudi, kwa hiyo kila upande ulipoteza mawili. Kwenda 9, kurudi 9. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kuwa 18 ndiyo idadi bora.

Kwingineko Uskoti kila klabu ilikuwa na idadi yake. Leith walikuwa na mashimo 5. Prestwick walikuwa na 12, ndiyo maana mashindano ya kwanza ya Open, yaani mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mwaka 1860, yalikuwa raundi tatu za mashimo 12 katika siku moja. Lakini klabu ya St Andrews, iliyopewa jina la Royal and Ancient mwaka 1834, ilizidi kuheshimika. Mwaka 1858 ilitamka kwamba mechi ni mashimo 18, na taratibu wengine wakafuata.

Wachezaji walipoongezeka, wanaokwenda na wanaorudi wakawa wanagongana. Dawa ikawa kupanua grini, yaani eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo, na kuchimba shimo la pili humo humo. Mpaka leo Old Course ina grini 7 zenye mashimo mawili mawili, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote: la 2 liko pamoja na la 16, la 3 na la 15, la 8 na la 10. Jumlisha jozi yoyote, utapata 18.

Hata hivyo si kila uwanja una 18: Kenya na Tanzania kuna baadhi ya viwanja vyenye mashimo 9 tu. Huko mchezaji huzunguka mara mbili, na mara nyingi mzunguko wa pili hupigwa kutoka sehemu tofauti kidogo za kuanzia, ili umbali ubadilike.